Mwalimu Aliyeyaamsha Magugu

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu Tekchand alifundisha biolojia katika shule ya wasichana ya mjini, na kila mwaka, wiki ya pili ya Agosti, alisimama mbele ya darasa akasema kwamba mbegu haijafa, imelala tu, inangoja kuitwa. Aliandika ubaoni: maji, hewa, joto. Chini yake akaongeza: kwa baadhi ya mbegu, mwanga. Neno hilo la mwisho alilipigia mstari kwa chaki nyekundu, maana watunga mitihani walilipenda. Kisha akastaafu, akarudi kijijini kwao Khedi Narwa na bakora ya heshima aliyozawadiwa na shule, na kichwani mwake hakikubaki hata kimoja kati ya alivyovipigia mstari.

Kisa hiki hukisimulia mwenyewe kwa yeyote atakayeketi naye kwenye kiko cha maji. Wapo wasemao anakitia chumvi. Anakitia kweli, ila chumvi yote anajimwagia yeye.

Baba yao aliwaachia yeye na kaka yake Kehar ekari kumi, zilizogawanywa katikati na tuta jembamba ambalo mtu mnene halipiti bila kutumbukia upande mmoja. Mwalimu alipokuwa mjini, Kehar alilima zote. Kehar alipofariki, mjane wake Bhateri alilima zote. Huyu Bhateri alizaliwa binti wa sita, na wazazi wake wakampa jina ambalo kwa lugha ya kwao ni kama kumwambia Mungu, "Imetosha." Hakujua kusoma. Alikuwa na nyati watatu wa maziwa, goti bovu, na ulimi ulioogopwa na kijiji kizima isipokuwa shemeji yake, ambaye alidhani usomi ni ngao.

Mwezi Oktoba, mpunga ulipokwisha kuvunwa, Mwalimu alikwenda kwa Bhateri, akaketi kwenye kitanda cha kamba uani, akapewa bilauri ya mtindi.

"Shemeji," alianza, kwa sauti ile ya kugawa ripoti za muhula, "umri umekwenda. Goti nalo limegoma. Kwa nini usinikodishie zile ekari zako tano? Wewe pumzika, tunza nyati wako. Mimi nitalima kitaalamu."

"Utaalamu gani?"

"Wa mimea! Mimi nimefundisha watu wakawa madaktari."

"Madaktari wa ngano?"

"Wa watu."

"Ahaa. Basi ngano yako ikiumwa kichwa itapona." Bhateri alimwongezea mtindi. "Lima zako kwanza, shemeji. Tukivuna tutaongea. Ila uangalie mandusi."

Mandusi ni gugu ambalo wakulima wa pande zile wanalijua kama mtu anavyomjua mkwe mkorofi. Huota ndani ya ngano, hufanana na ngano, hunywa maji ya ngano, na likikomaa huipita ngano kwa urefu, likamwaga mbegu zake kabla mvunaji hajanoa mundu. Zamani dawa za kunyunyiza zililishinda. Sasa lilizinywa kama chai. Mwalimu alicheka.

"Mandusi ni jina la uvivu," alisema, na maneno hayo, kwa bahati mbaya, aliyasema mbele ya watu.

Imani yake ilikuwa kwamba udongo uliosagwa ukawa laini hauna mahali pa kumficha adui. Akamkodi Sumer, mwenye trekta pekee iliyokuwa na nafasi msimu ule, apige haro, zile sahani za chuma za kusagia udongo. Sumer alipiga mara moja, mara mbili, mara tatu. Mara ya tano alizima injini.

"Mwalimu, hapa tunapanda ngano au tunakanda chapati?"

"Endelea."

"Mbona hata unga wa mashineni haufikii ulaini huu?"

"Sumer, biolojia ulipata ngapi?"

"Nilitoroka shule kabla haijanifikia."

"Basi endelea."

Ikawa mara saba. Siku zote hizo Bhateri alikuwa akingoja trekta hiyo hiyo. Juu ya hilo, nyati mmoja alimpiga teke kwenye goti lile lile bovu, akawa anatembea kwa kushika kuta. Novemba ilikuwa inayoyoma. Mwishowe akampigia simu ndugu yake wa kijiji alichozaliwa, naye akaja na trekta yake ikivuta mashine ambayo Mwalimu hakuwahi kuiona: haikupindua udongo, iliuchana tu mistari myembamba kama kisu, ikadondosha mbegu na mbolea humo, na mashina ya mpunga yakabaki yamesimama vile vile. Kufika saa sita mchana kazi ilikuwa imekwisha. Shamba lilionekana kama kidevu cha mgonjwa asiyenyolewa wiki mbili.

Mwalimu aliliangalia kutoka kwenye tuta akasikitika kwa dhati.

"Shemeji, huku si kulima. Huku ni kuitupia ardhi ngano kama unavyowatupia kuku."

"Ndugu yangu anasema ardhi ukiiacha ilale, na magugu yake yanalala."

"Ndugu yako amesoma mpaka wapi?"

"Mpaka alipochoka."

Desemba, baada ya kumwagilia mara ya kwanza, shamba la Mwalimu likaota. Na liliota! Kijani kilichofungamana hata udongo usionekane, kama zulia. La Bhateri lilikuwa mistari tu, na katikati ya mistari makapi ya mpunga. Mwalimu alikwenda kila asubuhi na rula. Alipima, akaandika, akamsomea mkewe Rishalo vipimo wakati wa kifungua kinywa mpaka Rishalo akawa anakwenda kukamua nyati ambaye alikwisha kumkamua.

Furaha ikizidi hutafuta mashahidi. Mwalimu akawaalika wenzake watatu wastaafu, akiwemo Shastri, aliyekuwa mwalimu wa Sanskriti na mtu wa maneno mazito. Walikuja kwa pikipiki mbili siku ya Jumapili, wakapewa chai na vitamutamu vya ufuta na sukari guru, wakapelekwa shambani. Mwalimu alisimama juu ya tuta, bakora mkononi, akahutubia. Alieleza hewa ya udongo. Alieleza mizizi. Aliwaonyesha shamba la jirani, bila kumtaja mtu, kama mfano wa yale yanayotokea elimu isipofika.

"Kama zulia la harusi," alisema Shastri, na Mwalimu akalihifadhi neno hilo alitumie baadaye.

Hapo Bhateri akatokea, akichechemea na mundu wake. Kwa ajili ya wanaume wageni alikuwa ameushusha ushungi mpaka kidevuni, hivyo haikujulikana kama anacheka. Aliamkia, akachuchumaa ukingoni mwa zulia, akang'oa mmea mmoja. Akang'oa wa pili. Wa tatu akauminya shinani kwa kucha, akauweka kwenye kiganja cha shemeji yake. Kwenye ngozi pakabaki doa jekundu.

"Nyie ndio wasomi, mniambie," alisema kwa adabu kutoka ndani ya ushungi. "Siku hizi ngano ina damu?"

Mtoto yeyote wa Khedi Narwa anajua kabla ya kujua kuhesabu kwamba shina la ngano ni jeupe na la mandusi ni jekundu. Mwalimu mwenyewe alilijua alipokuwa na miaka sita. Alipiga magoti, akang'oa mmoja: mwekundu. Mwingine: mwekundu. Aling'oa ishirini na moja, na ngano kati yake zilikuwa nne. Wiki tatu nzima alikuwa akipima mandusi kwa rula, kwa milimita, na kuwasomea watu.

Shastri alikohoa, akaanza kuyasoma mawingu. Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alikwisha kuipasua mara saba na haikuwa na nguvu nyingine.

"Ila imenenepa," Bhateri alimfariji. "Nyati wangu watakuombea."

Na kweli, tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi na wanawake wenzake wawili kukata mandusi kwa ajili ya mifugo, wakimsaidia na kumzika kwa aibu kwa wakati mmoja. Maziwa ya nyati wake yaliongezeka. Kila Jumamosi alimpelekea Rishalo chungu cha mtindi pamoja na salamu: "Mwambie mwalimu wetu, haya ni matunda ya utaalamu." Mwalimu aliukataa mtindi huo siku mbili. Siku ya tatu akala, maana haukuwa na hatia.

Lakini lipo jambo lililomkosesha raha kuliko aibu. Ardhi ile ilikuwa moja. Kehar aliilima yote pamoja, kwa hiyo mbegu za mandusi lazima ziwe pande zote mbili za tuta. Mbona upande mmoja ziliamka kama kambi ya askari, na upande wa pili kimya?

Ilibidi akaombe ndoo ya udongo kwa Bhateri.

"Chukua mbili," alisema Bhateri. "Ya pili upeleke shuleni kwenu."

Aliuchekecha udongo kwa chujio la chai la Rishalo, akaziokota mbegu kwa kibanio cha nyusi, nazo ni ndogo, za kijivu, zinazong'aa. Zilikuwemo! Nyingi tu kama zake. Hazikuwa zimekufa. Mbegu kavu haioni mwanga, kwa hiyo alisubiri usiku, akazima taa, ndipo akaziweka mbegu hizo kwenye vitambaa vibichi: nyingine kwenye kisahani dirishani, nyingine kwenye mkebe wa bati ambao Rishalo alikuwa akiwekea dengu, akaufunika vizuri. Ikiwa ni mwanga unaoziamsha, alijisemea, za dirishani zitaota na za mkebeni zitalala.

Baada ya siku kumi na mbili akafungua. Zote zilikuwa zimeota, za dirishani na za mkebeni.

"Rishalo! Umeufungua huu mkebe?"

"Mkebe wangu wa dengu? Nimeufungua."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Nilisahau umenihamishia dengu zangu. Nikachungulia, nikakuta matope yako, nikafunga."

"Ulichungulia muda gani?"

"Muda wa kukulaani kidogo. Wala haikuwa laana ndefu."

Mwalimu alikaa sakafuni. Alirudia jaribio, safari hii mkebe akaufunga kwa utepe na kuuweka juu ya kabati, na kipande cha karatasi: USIFUNGUE, HATA KWA LAANA. Mbegu za humo, isipokuwa chache, zililala fofofo. Dirishani ziliota.

Ndipo akaelewa, na kila alivyozidi kuelewa alizidi kujiona mjinga. Mbegu ya mandusi hudondoka mwezi Aprili na wakati huo hata uifanyeje haiamki. Joto la kiangazi ndilo huiivisha taratibu. Mvua zikija hulala chini ya maji ya mpunga, haina hewa, inavumilia. Novemba baridi ikiingia, huwa tayari, imebakiza kubishiwa hodi tu. Ikiwa imefukiwa gizani hubaki hivyo, mwaka huu na hata mwaka ujao. Lakini mtu akija na haro akaipandisha juu, ikaliona jua kwa muda wa kope kupepesa, kisha akairudisha kwenye udongo laini wenye hewa na unyevu, anataka iote nini, karafuu?

"Na mimi nilipiga hodi mara saba," alimwambia mkewe.

"Ungepiga moja wangedhani ni upepo," alisema Rishalo.

Mtu mwenye busara, akishafika hapo, angevuka tuta akaomba ile mashine. Mwalimu aliiona busara hiyo vizuri, akaipita. Kuomba ilikuwa sawa na kutia sahihi kwamba ameshindwa. Yeye alitafuta njia ya kulima bila kushindwa, na miezi kumi ya kufikiri, mpaka msimu wa kupanda uliofuata, ikamzalia jambo ambalo mpaka leo watoto wa Khedi Narwa huliigiza: kama mbegu huamshwa na mwanga, basi atalima gizani, mchana kweupe.

Alikodi turubai la harusi kwa Jile, mpambaji wa sherehe, lenye maua mekundu na manjano na vioo vidogo pembeni. Ndani yake alishonesha mablanketi meusi. Lote likafungwa juu ya haro kwa vyuma na mianzi, likaburura chini pande zote, kusiingie hata mshale wa jua. Sumer alilizunguka mara mbili.

"Mwalimu, hizi mbegu zinaona aibu?"

"Zikiona mwanga zinaamka."

"Hata mimi nikifunuliwa shuka naamka. Lakini kunifunika hivi sijawahi kufunikwa."

Habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Watu walijaa kwenye tuta na kando ya mfereji, wanaume na viko vyao, wanawake na kazi zao mikononi. Trekta ilipong'oka, na lile hema likaanza kwenda polepole nyuma yake huku vioo vikimetameta, Bhateri alianza kuimba. Alichagua wimbo wa kumuaga bibi harusi anayeondoka kwa baba yake. Wanawake wakadakia. Wengine wakajifuta machozi kwa ncha za ushungi.

"Jamani, bibi harusi anaolewa wapi?" aliuliza mmoja.

"Upande wa pili wa shamba!" wakajibu.

Mwalimu alitembea pembeni ya hema akiwa amekaza uso. Baadaye alikiri kwamba kwa dakika chache, wimbo ulivyokuwa mtamu, yeye mwenyewe alishikwa na uchungu wa mzazi.

Walipofika katikati ya shamba turubai likanaswa na sahani za haro. Likajizungusha mara moja, mbili, mwanzi mmoja ukaruka juu kama mkuki, vioo vikatawanyika. Jile alipiga kelele kama aliyechomwa na kukimbilia shambani akishika kichwa. Kufungua kitambaa kile kulichukua saa tatu na kisu. Sehemu iliyobaki Sumer aliimalizia vivi hivi, juani. Kwa hiyo nusu ya shamba ililimwa ikiwa na ushungi, na nusu kichwa wazi.

Hayo yalikuwa maafa, lakini kwa mtu wa sayansi yalikuwa pia bahati. Wiki sita baadaye Mwalimu alitengeneza fremu ya mraba kwa fito za mianzi, akawa anaitupa huku na huku na kuhesabu mandusi ndani yake. Kwenye nusu ya ushungi magugu yalikuwa pungufu, karibu nusu ya yale ya upande wa pili. Alirudia hesabu. Akavuka tuta mbio, akatumbukia, akainuka.

"Shemeji! Nilikuwa sahihi! Giza linafanya kazi!"

Bhateri alikuwa akiwamwagia nyati maji. Mwaka huo pia alipanda bila kulima. "Hongera," alisema. "Sasa hesabu na kwangu."

Aliitupa fremu kwenye shamba la Bhateri. Mandusi matatu. Akaitupa tena: mawili. Akaitupa mbali, karibu na mfereji ambako aliamini mambo ni mabaya: hakuna hata moja. Aliihesabu hiyo sifuri mara mbili. Mwalimu alikuwa na kasoro nyingi, lakini hakuwahi kumwongezea mtu maksi, hata yeye mwenyewe. Akaketi kwenye tuta.

"Kehar alikuwa analima mara ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Mara tatu, nne. Alikuwa kama wewe, anapenda udongo laini." Bhateri aliketi naye, akinyoosha goti kwa mikono miwili. "Mwaka ule nilipanda hivi kwa sababu sikuwa na la kufanya, wewe ulikuwa umemshikilia Sumer. Nililia, ujue. Nilisema nikikosa ngano, shemeji atachukua shamba na hata sitakuwa na neno."

Mwalimu hakuwa amelijua hilo. Aliliona tu lile shamba kama kidevu cha mgonjwa, hakumwona aliyelilia. Akaona bora aache hekima, aseme ukweli.

"Kusema kweli nililitaka shamba, shemeji. Goti lako lilikuwa kisingizio."

"Najua. Goti nalo lilijua."

"Basi, ile mashine ya ndugu yako... mwakani inaweza kufika mpaka kwangu?"

"Inaweza. Ila atauliza umesoma mpaka wapi."

"Mwambie mpaka nilipochoka."

Bhateri alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema alikuwa amelifikiria suala la kukodi, na ameona ni jambo jema. Yeye ndiye atakayezikodi ekari za Mwalimu. Mwalimu awe mtu wa kuhesabu na wa kung'oa, maana mgongo wake bado mzima. Mwalimu alidhani ni utani wa shemeji. Alipoona haucheki uso wake, aliomba siku moja akamuulize Rishalo, na Rishalo akasema ndiyo kabla swali halijaisha.

Hivi sasa huu ni mwaka wa tatu. Zile ekari kumi hupandwa siku moja bila kugeuzwa udongo, na wapita njia wageni huuliza ni shamba la mlevi gani. Mandusi yapo, machache, na Mwalimu huyang'oa kwa mkono. Ambacho hakukitarajia ni kwamba sasa limezidi gugu jingine, mchicha wa porini wenye majani kama yaliyonyunyiziwa unga, ambalo halikuhitaji haro wala hodi ya mtu. Bhateri anataka aling'oe lote. Rishalo anataka amwachie, maana likichemshwa na kuchanganywa na mtindi hakuna mboga ya Januari inayolipita. Mwalimu, aliye kati ya wanawake hao wawili, humng'olea huyu na kumpelekea yule.

Juzi asubuhi alikuwa amelala kifudifudi katikati ya ngano, pua karibu kugusa ardhi, anatafuta mbegu ya mchicha huo imeanzia kina gani. Sumer alipita barabarani na trekta, akasimama akapiga honi.

"Mama mkubwa! Mwalimu ameanguka?"

"Hajaanguka," alijibu Bhateri, bila kuinua kichwa kwenye kazi yake. "Anasoma. Pita polepole, usimtimulie vumbi."